Kabla Kwaya Haijapanda Coaster Kwenda Misheni

Wiki hii nimepokea ujumbe wa katibu wa kwaya moja ya vijana ya Dar es Salaam. Mwezi wa saba wanakwenda misheni ya siku sita kijijini, upande wa Kondoa mkoani Dodoma, watu 24. Wanataka kuhubiri jioni, kugawa nguo, kufanya "kambi ya matibabu" ya siku mbili, kupaka rangi madarasa na kuacha tangi la maji shuleni. Anauliza wanakosea wapi.

Dada katibu, bado hamjakosea, maana hamjaondoka. Ila mna kazi tano ndani ya siku sita, na siku mbili kati ya hizo zitaliwa na barabara. Chagueni kazi moja. Mimi ningechagua tangi, na sehemu kubwa ya makala hii ni ya hilo tangi, kwa sababu ndilo wageni huliharibu kuliko kitu kingine chochote, tena kwa nia njema kabisa.

Kwanza hesabu yenu wenyewe. Mtu mmoja akioga, akinywa, akifua kidogo na kupikiwa, hatumii chini ya lita 20 kwa siku. Watu 24 kwa siku sita ni lita 2,880, yaani ndoo 144 za lita 20. Mwezi wa saba mabwawa ya huko yanakauka, na ndoo hizo zitakuja kichwani mwa mama wa watu ambaye hatakuambia kitu, kwa kuwa wewe ni mgeni. Nendeni watu wanane: mafundi wawili, muuguzi mwenye leseni, mwinjilisti, mpishi na vijana watatu wenye mikono. Hata hao wanane lipieni boza la maji kabla hamjafika. Waliobaki wachange nauli waliyookoa, inunue mabomba.

Barua ya kanisa iende kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, nakala kwa mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji. Simu ya mchungaji wa mtaa haitoshi. Kisha halmashauri ya kijiji ikae, na muhtasari ujibu mambo matatu: tangi ni mali ya nani, ufunguo wa koki anakaa nao nani, na koki ikivunjika nani ananunua nyingine. Kijiji kikikosa jibu la hilo la tatu, ahirisheni ununuzi mpaka lipatikane.

Sasa, tangi likae wapi? Kila kwaya hutaka shuleni, maana shuleni kuna watoto na picha zinapendeza. Pigeni hesabu. Shule ina watoto 400, kila mmoja anywe lita moja tu kwa siku. Tangi la lita 5,000 halifikishi wiki tatu za masomo, siku ya 13 koki inatoa upepo. Tangi hilohilo kwenye zahanati inayotumia lita 100 kwa siku, kwa kunawa mikono, kufua mashuka na kusafisha chumba cha kujifungulia, linakwenda siku 50. Na pale zahanati ndipo ndugu wa mjamzito huambiwa waje na maji yao. Kaeni na mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, na kamati ya kituo, na nakala ya barua imfikie mganga mkuu wa wilaya.

Tangi litajazwa na mvua ya paani, na kipimo cha paa hakihitaji mhandisi. Pimeni urefu na upana wa jengo chini, kwenye udongo, msifuate mteremko wa bati. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na katika hiyo mnavuna kama asilimia 80. Zahanati ya mita 8 kwa 15 ina mita 120 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 52 tu inajaza lita 5,000. Mkoa wa Dodoma sehemu nyingi hupata milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kwa milimita 550 paa hilo linatoa zaidi ya lita 52,000. Tatizo basi ni mahali pa kuyaweka, maana mvua ipo. Tangi moja lililojaa mwisho wa Aprili linaisha katikati ya Juni. Mkitaka kuvuka kiangazi chote ni matangi matano. Waambieni wanakijiji hivyo mapema, asije mtu akasimama madhabahuni kutangaza kwamba shida ya maji imekwisha. Na hesabu hii inataka gata, mfereji wa kukinga maji ya paa, pande zote mbili. Wengi hufunga upande mmoja wa mbele, halafu wanashangaa maji nusu.

Kabla ya gata, kagueni fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Ikiwa imeoza, misumari haitashika, mvua kubwa ya kwanza itaondoka na gata na bodi yake. Vishikizo viwe kila sentimita 60. Mteremko: kwa mita 15, gata ishuke sentimita 10 hadi 15 kuelekea bomba. Vuteni uzi wa fundi, msikisie kwa macho. Bomba la kushukia liwe la inchi 4, na mdomoni pa tangi fungeni wavu wa mbu, mara mbili.

Maji ya kwanza ya msimu yanabeba vumbi la miezi saba, kinyesi cha ndege na mijusi iliyokufa. Kwa kawaida hutupwa angalau nusu lita kwa kila mita ya mraba, hapa ni lita 60. Kuna wanaofunga kipande cha bomba la inchi 4 kilichosimama ili kinase uchafu huo, lakini mita moja ya bomba hilo inabeba lita 8 tu, kwa hiyo mngehitaji zaidi ya mita saba. Njia rahisi ni elbo, kiungio cha kona cha bomba, isiyogundishwa. Mvua ikianza, mlinzi anaigeuza nje robo saa, kisha anairudisha. Mwonyesheni yeye na mwenzake wa pili, maana siku ya mvua huwezi kujua nani yuko shambani. Hata hivyo maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini.

Nimefika kwenye msingi, na hapa naomba msome polepole.

Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano za maji. Mchezo wa kwaya nyingi ni huu: siku ya pili wanamwaga zege, siku ya nne wanapandisha tangi, siku ya tano wanalijaza kwa boza ili mgeni rasmi afungue koki watu wapige vigelegele. Zege la siku tatu halijawa zege. Linapasuka upande mmoja, tangi linainama, kiungio cha koki kinavutwa, na maji yanavuja polepole hadi udongo wa chini uliwe. Wageni wako Dar wakati huo. Msingi ujengwe na fundi mwashi wa hapohapo kijijini, wiki tatu au nne kabla hamjafika, nanyi mtume fedha. Jamvi, yaani zege bapa la kukalia tangi, la mita 2.2 kwa 2.2, unene sentimita 15, mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne, linakula mifuko mitano ya saruji ya kilo 50. Ukuta wa mawe unaolinyanyua una saruji yake mbali. Jamvi limwagiwe maji na kufunikwa siku saba; mlipeni mtu wa kazi hiyo, asiachiwe fundi ambaye amekwisha kuondoka. Linyanyuke kiasi kwamba koki iwe sentimita 50 kutoka chini, ndoo ipite bila kuinamishwa.

Siku ya kupandisha, fagieni jamvi kisha lipapaseni kwa kiganja. Kokoto moja yenye ncha, ikikandamizwa na tani tano, inatoboa sakafu ya plastiki, na tobo la chini halizibiki vizuri. Likishakaa, mwagieni maji hata ya robo. Tangi tupu upepo wa kipupwe unalibeba. Bomba la kumwagia ziada liwe na upana uleule wa bomba la kuingizia, lipeleke maji mbali na msingi. Chini ya koki wekeni shimo la kokoto, la sivyo mbuzi watafanya tope la kudumu. Na acheni koki mbili za akiba pamoja na tepu nyeupe ya fundi bomba.

Hayo mengine kwa kifupi. Nguo: hapana. Rangi ya madarasa: mlipeni kijana wa kijijini. Dawa: zahanati ipo, ina mganga. Ukimpa mzee vidonge vya presha vya siku 14 kisha ukapanda Coaster, hujamtibu. Muuguzi wenu apime presha pamoja na mganga mfawidhi na kuandika rufaa. Mkipewa dawa za msaada kutoka nje, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda zinapofika nchini, na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ndiyo inayotoa kibali. Sanduku la sampuli zilizobaki kwa daktari fulani liacheni alipo.

Upande wa Kondoa Waislamu ni wengi sana. Mbuzi wa karamu achinjwe na Mwislamu, ili kijiji kizima kile. Ufunguo wa koki usikae kanisani. Na asiwepo hata mtu mmoja wa kusema "maji haya ni kwa waliokata shauri."

Najua jibu litakalokuja, limeshakuja mara nyingi: kwamba sisi wa kamati za misheni tumekuwa wahasibu, tunapima Roho kwa futi kamba. Linauma, sikatai. Lakini Bwana mwenyewe katika Luka 14:28 anamtaka mjenga mnara aketi kwanza ahesabu gharama. Vijana, ketini! Mama anayejifungua usiku saa nane hahitaji ushuhuda wenu wa safari, anahitaji beseni la maji safi.

Umeuliza pia kama mshone fulana za misheni zenye jina la kwaya. Shoneni, lakini za kahawia. Saruji na vumbi jekundu la Kondoa havitoki kwenye fulana nyeupe, hata ziloweke usiku kucha.