Skima ya tangi la lita 3,000: angalia shingo kwanza

SWALI: Dada habari za kazi. Nina tangi la matumbawe, urefu mita 3, upana mita 1.2, maji yanafika kimo cha sentimita 80, na sampu yake, lile tangi dogo la chini la kuchujia maji, ina kama lita 400 pampu zikiwa zinazunguka. Kwa sasa nina kangaja 6 na samaki wadogowadogo kama 20, matumbawe ndo kwanza naanza kuyapanda. Nataka kununua skima ya protini, kile chombo cha kutoa uchafu majini kwa povu. Fundi aliyenitengenezea tangi anasema nichukue ile iliyoandikwa lita 8,000 nimalize kazi, eti skima haiwi kubwa kupita kiasi, rafiki yangu naye anasema ya lita 3,000 inatosha kabisa. Sa mi nimebaki katikati, nimsikilize nani?

JIBU: Kaka, kwanza ahsante kwa kuandika na vipimo, manake wengi wananiandikia tu "nina tangi kubwa" afu nabaki kukisia. Kioo chako kinabeba lita 2,880, toa nafasi inayoliwa na mawe na mchanga, ongeza maji ya sampu, unabaki na kama lita 3,000 za maji yenyewe. Ni vizuri kuijua namba hiyo, ila skima huichagui kwa hiyo peke yake.

Skima inalishwa na uchafu. Protini, mafutamafuta, ute wa matumbawe na mabaki ya chakula vinanata kwenye kiputo cha hewa, viputo vinapanda vinabanana shingoni, yani lile bomba la juu linaloelekea kwenye kikombe cha kukusanyia uchafu, maji yanachuruzika kurudi chini na povu zito linasukumana mpaka linamwagikia kikombeni. Hapo shingoni ndo pa kuangalia. Shingo ikiwa pana na uchafu ukawa kidogo, povu halipati nguvu ya kusimama, linapanda kidogo linapasuka linarudi, unaweza kukaa siku tatu kikombe kikavu afu siku ya nne unakikuta kimejaa maji meupe tu. Watu wakifika hapo wanailaumu pampu, wanazungusha valvu kutwa nzima, kumbe skima ina njaa. Hiyo ya lita 8,000 kwa samaki ulionao leo nina wasiwasi itakufanyia hivyohivyo. Na ya rafiki yako nayo, soma boksi vizuri, ile namba kubwa ya mbele mara nyingi ni ya tangi lenye samaki wachache, ukija kwenye tangi lililojaa namba inashuka hata nusu, na kangaja 6 wakishakua wanakula kutwa wananya kutwa, itazidiwa.

Mi ningekuwa wewe ningenunua mbili za kati, kila moja iwe imeandikiwa lita 1,500 mpaka 2,000 kwa tangi lenye samaki wengi. Moja uiwashe sasa hivi, ya pili uiongeze samaki wakiongezeka. Shingo zake ni nyembamba kwahiyo povu linasimama mapema, na siku unayoosha moja au pampu imegoma, nyingine inaendelea kuingiza hewa, na kwa tangi la ukubwa huo usiku samaki wakiwa wamelala na matumbawe nayo yanavuta oksijeni hilo si jambo dogo. Zichomeke kwenye soketi mbili tofauti. Najua ni pampu mbili za kuosha badala ya moja na nafasi inaliwa zaidi, mi hiyo gharama naikubali.

Na usitegemee miujiza kwenye skima yoyote. Vipimo vilivyofanyika chuo kikuu cha Pennsylvania State huko Marekani vikachapishwa 2009 vilionyesha skima walizozijaribu zilitoa kama asilimia 20 hadi 30 tu ya kaboni ogania, yani uchafu utokanao na viumbe na chakula, iliyokuwemo majini, na tofauti kati ya skima na skima haikuwa kubwa kama matangazo yanavyosema. Nitreti iliyokwisha kuyeyuka majini haitoki kwa povu, skima inawahi tu kuutoa uchafu kabla haujaoza. Kwahiyo hela nyingine iweke kwenye kubadilisha maji.

Kabla hujalipa chukua tepu upime sampu yako. Skima ya kukaa ndani ya sampu inataka kina kisichopanda wala kushuka, nyingi zinataka kati ya sentimita 15 na 25, kitabu chake kitakwambia ni ngapi hasa, na kina kikicheza hata sentimita mbili utaliona povu linabadilika, kwahiyo iweke kwenye chumba chenye ukuta wa kioo unaoshikilia maji. Afu pima na urefu wa kwenda juu, siyo wa skima tu, acha na nafasi ya kukinyanyua kikombe. Nimeshaona mtu anakata kabati lake kwa msumeno kwasababu kikombe hakitoki. Angalia pia kama pampu inachomoka bila kubomoa mabomba, itabidi uiloweke kwenye siki kila baada ya miezi michache kutoa chokaa.

Ukishaifunga usiiguse sana. Wiki ya kwanza mpaka ya pili mafuta ya kiwandani bado hayajatoka kwenye plastiki, itamwaga maji au itagoma, iache tu. Baada ya hapo kazi yako ni shingo: pitisha kidole ndani utakuta utando wa kahawia unateleza kama sabuni, huo utando ndo unaolipasua povu. Futa kila baada ya siku mbili tatu. Mi nafuta asubuhi kabla ya kulisha, haichukui dakika mbili, na jioni kikombe kinakuwa na maji ya rangi ya kahawa iliyokolea na harufu yake unaijua ukiwa bado mlangoni.

SWALI: Dada, skima yangu nimeifungia mpira unaomwaga moja kwa moja kwenye ndoo, raha tupu, ila kila mwezi chumvi inashuka na sielewi kwanini.

JIBU: Ni huo mpira mdogo wangu. Ukishaacha kumwaga kikombe kwa mkono unaanza kuivumilia skima inayotoa maji mepesi, na hayo maji yana chumvi ileile ya tangi, afu ile pampu ya kujazia, inayojiwasha yenyewe maji yakipungua, inarudisha maji baridi yasiyo na chumvi. Chukua tangi la lita 3,000 linalotoa lita 3 kwa siku, kwa mwezi ni lita 90, yani asilimia 3, chumvi inatoka gramu 35 kwa kila kilo ya maji inafika 34 bila wewe kugusa kitu. Shusha kidogo kimo cha povu litoke zito, na kila unapomwaga ndoo andika ni lita ngapi ili ujue urudishe ngapi za maji ya chumvi. Na kwenye hiyo ndoo weka boya la kuzima pampu ya skima ikijaa. Mi sikuwa nalo, kuna usiku skima iliharibikiwa povu baada ya kugundisha matumbawe kwa gundi ya epoksi, ikamwaga mpaka asubuhi, nikakuta sakafu yote maji na pampu ya kujazia imemaliza pipa zima la maji baridi ndani ya tangi.