Je, unene wa kuta za ateri hurithiwa?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa miaka 41, mkazi wa Ujiji, Kigoma. Baba yetu alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 50. Mwaka huu kaka yangu, ambaye havuti sigara wala si mnene, alipimwa mishipa ya shingo kwa altrasaundi akaambiwa kuta zake zimekuwa nene. Nyumbani tumepikia mawese tangu utotoni. Je, tatizo ni mawese au ni damu ya ukoo wetu? Nami nikapime vinasaba?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa yaliyoupata ukoo wenu. Swali lako ni zito, kwa sababu vyote viwili vinaweza kuhusika kwa pamoja.

Ukuta wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, huanza kunenepa pale lehemu (kolesteroli, aina ya mafuta ya kwenye damu) ya aina ya LDL inapopenya chini ya utando wa ndani wa mshipa na kunasa humo. Chembe za kinga huifuata, huimeza na kufia papo hapo, na ukuta huvimba mwaka hadi mwaka pasipo mwenyewe kuhisi lolote. Kazi ya kuiondoa LDL katika damu ni ya ini, ambalo huikamata kwa vipokezi maalumu, na hapo ndipo vinasaba vina nguvu kubwa. Takriban mtu mmoja kati ya 300 duniani hurithi kasoro, mara nyingi katika jeni (kinasaba) ya vipokezi hivyo, inayomfanya awe na LDL nyingi tangu kuzaliwa, hata akiwa mwembamba, na kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi.

Zipo pia tofauti za vinasaba zinazokinga. Jeni iitwayo PCSK9 hutengeneza protini inayoharibu vipokezi vya ini. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulionyesha kuwa Wamarekani weusi waliorithi jeni hiyo ikiwa haifanyi kazi, ambao walikuwa asilimia 2.6, walikuwa na LDL pungufu kwa asilimia 28, na hatari yao ya ugonjwa wa ateri za moyo ilikuwa chini kwa asilimia 88. Binafsi naona hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba kinachoumiza mshipa ni wingi wa lehemu kwa miaka mingi.

Kuhusu mawese, karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayopandisha LDL, kwa hiyo mtu ambaye ini lake tayari limelemewa huongezewa mzigo. Usiyaache kwa hofu, lakini yapunguze, na migebuka na dagaa vichemsheni badala ya kuvikaanga.

Kipimo cha vinasaba si cha kuanzia. Tofauti nyingi zenye athari ndogo ndogo ziligunduliwa kwa kuwachunguza watu wenye asili ya Ulaya, na nyingine hazitabiri vema kwetu Waafrika. Anza na kipimo cha lehemu, shinikizo la damu na sukari. LDL ikizidi 4.9 mmol/L, au ukihisi vinundu vigumu kwenye kano nene ya nyuma ya kisigino, mweleze daktari habari za baba na kaka yako, mzungumzie dawa za kupunguza lehemu ziitwazo statini, na watoto wa kaka yako nao wapimwe lehemu.