Msanii abaki na burudani? Hapana

Ndugu, unauliza nyimbo zinawasaidia nini Wapalestina. Chukua "Hind's Hall" ya Macklemore, rapa wa Marekani, Mei 2024. Jina limetokana na wanafunzi wa Columbia, New York, walioliita jengo la chuo kwa jina la Hind Rajab. Huyo ni mtoto wa Gaza aliyekwama garini kati ya maiti za ndugu zake, akiomba msaada kwa simu. Gari la wagonjwa lililotumwa kumchukua nalo likapigwa. Mtu kacheza wimbo, kauliza Hind ni nani, kajua. Na Macklemore alitangaza mapato yanakwenda UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la kuwasaidia wakimbizi wa Kipalestina. Kinachoniudhi mimi ni kingine: DAM, kundi la rap la Wapalestina wa Lod, mji ulio ndani ya Israel, walichana haya zaidi ya miaka 20 kabla, watu wakamsubiri Mmarekani.