Fundi, Waifai Haionekani Kabisa!

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nipo Gungu hapa Kigoma, nina laptopu ya HP ya mtumba, kaka angu aliniletea toka Dar. Windows ilikuwa nzito balaa, ukifungua faili moja unaenda kunywa chai unarudi bado inazunguka, basi rafiki angu akaniwekea Linux Mint. Sasa imekuwa nyepesi kweli ila intaneti hamna. Simu inashika waifai ya nyumbani vizuri tu ila laptopu haioni hata ya jirani, nikibonyeza ile alama ya mtandao pale konani neno waifai halipo kabisaaa. Tumeshaifuta na kuiweka upya mara kibao, majibu yale yale. Watu wananishauri nirudishe Windows. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza acheni kufuta na kuweka upya, hiyo tabia tumetoka nayo kwenye Windows na huku itakumalizia muda tu, kila ukiiweka itakuja vile vile. Rauta yako haina kosa, si simu inashika? Na paswadi nayo siyo, maana hata jina la waifai hulioni. Shida iko kwenye kadi ya waifai ya hiyo laptopu.

Angalia kwanza kitufe cha waifai kwenye kibodi, kile chenye alama ya mnara. HP nyingi zina taa ndogo pale, ikiwa na rangi ya chungwa ujue waifai imezimwa, bonyeza uone kama inabadilika. Kama hakuna mabadiliko fungua terminali, lile dirisha la kuandika amri, uandike hivi:

lspci -nnk

Yatamwagika maneno mengi, usiogope, wewe tafuta mstari wenye Network controller. Nahisi utakuta imeandikwa Broadcom na namba zinazoanza na 14e4, halafu chini yake ule mstari wa Kernel driver in use haupo. Maana yake Linux imeiona kadi ila haina draiva ya kuongea nayo. Kadi kama BCM43142 zimejaa kwenye HP na Dell za mtumba, na draiva yake ni ya Broadcom wenyewe, kodi yake (yale maandishi ya programu) haiko wazi kama Linux yenyewe ilivyo, ndo maana haijiwashi mpaka mwenye kompyuta uiruhusu mwenyewe.

Hapa sasa ndo wengi wanakata tamaa, maana draiva ya kukupa intaneti nayo inataka intaneti ili ishuke. Chukua simu yako ya Android, iache kwenye waifai hiyo hiyo ya nyumbani, ichomeke kwenye laptopu kwa waya wa USB (uwe waya wa data bana, kuna hizi za buku zinachaji tu), halafu kwenye setingi za hotspoti washa USB tethering. Laptopu itaona kama umechomeka kebo ya mtandao, na simu nyingi zitapitisha ile waifai ya nyumbani kwa hiyo bando lako halitaguswa. Fungua Driver Manager, ile programu ya draiva ya Mint, chagua bcmwl-kernel-source, ndo draiva yenyewe, subiri iishe, zima na uwashe.

Tena kama simu haipo, chomeka ile flashi mliyoinstolia Mint, draiva hiyo imo humo humo na Driver Manager inaweza kuichukua.

Ila sikiliza hapa vizuri maana hapa ndo wanaponirudia. Kama kwenye laptopu Secure Boot (ule ulinzi unaokagua programu wakati mashine inawaka) iko on, wakati wa kuinstoli itakuomba utunge paswadi, iandike mahali. Ukiwasha tena itakuja skrini ya bluu inasema MOK management, inakusubiri sekunde 10 tu, usipogusa kitu inapita zake na draiva inakataliwa kimya kimya, utalalamika Linux mbovu kumbe uliulizwa hukujibu. Bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, Continue, Yes, weka ile paswadi, kisha Reboot.

Kingine, hiyo BCM43142 inashika masafa ya 2.4 GHz tu. Rauta yenu ikiwa na majina mawili, lile la 5 GHz hutaliona hata ukae juu yake.

SWALI: Habari fundi, naandika toka Isevya, Tabora. Niliweka Ubuntu, ile Linux nyingine, juzi, waifai imeshika full na alama zote zimejaa, ila kila tovuti nikifungua inasema haipatikani. Simu yangu kwenye waifai hiyo hiyo inaperuzi fresh.

JIBU: Nzuri dada. Andika ping 8.8.8.8 kwenye terminali, iache kidogo, halafu uisimamishe kwa Ctrl na C maana kwenye Linux haisimami yenyewe. Kama majibu yanarudi, intaneti unayo. Sasa jaribu ping google.com, nadhani hii itagoma. Ikigoma basi tatizo ni DNS, ile inayobadilisha majina ya tovuti kuwa namba. Ingia Settings, Wi-Fi, bonyeza kigurudumu cha mtandao wako, nenda IPv4, pale kwenye DNS zima Automatic uandike 1.1.1.1, 8.8.8.8, bonyeza Apply, zima waifai uiwashe. Na kama ile ping ya kwanza ndo iligoma, hayo yote niliyosema achana nayo, nenda kaizime rauta uiwashe kwanza, umeme ukikatikakatika huwa zinachanganyikiwa.

SWALI: Mimi ni mwalimu, Ujiji. Laptopu ina Windows na Linux pamoja. Nikitoka Windows kuja Linux waifai inapotea, na nikirudi Windows saa inakuwa nyuma masaa matatu. Ni virusi?

JIBU: Hapana mwalimu, hamna virusi hapo. Windows ukiizima huwa haizimi kabisa, inalala kwa kitu kinaitwa Fast Startup na wakati mwingine inaacha kadi ya waifai imeshikiliwa. Kaizime kwenye Control Panel, Power Options. Saa nayo, Linux inaiweka saa ya mashine kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele masaa 3, Windows inaisoma kama ndo saa ya hapa. Ukiwa Linux andika timedatectl set-local-rtc 1, halafu rudi Windows urekebishe saa mara moja. Siku ukiandika timedatectl peke yake itakutolea onyo refu kuhusu hilo, liache.