Maji ya ziwa na bakteria sugu: maswali yenu

Tunachota maji Ziwa Victoria. Kama bakteria wameshinda dawa, kuchemsha kuna faida gani?

Faida ni ileile. Usugu dhidi ya amoksilini haumkingi bakteria na moto wala klorini. Maji yatokote kwelikweli kwa dakika 1, si kutoa mvuke tu. Wengi huharibu baadaye, kwa kuzamisha kikombe ndooni; tumia ndoo yenye kifuniko na koki. Wa vidonge vya klorini, fuateni kipimo cha pakiti na kusubiri dakika 30. Maji ya tope yachujwe kwanza, kwani tope humaliza klorini kabla haijawafikia bakteria.

Nani anamwaga antibiotiki ziwani?

Sisi sote, chooni. Karibu asilimia 60 ya amoksilini unayomeza hutoka na mkojo ikiwa bado dawa. Hiyo huvunjika upesi majini. Siprofloksasini ndiyo hung'ang'ania kwenye matope. Ila kinachotusumbua zaidi ni kinyesi chenyewe. Vyoo vinavyofurika, machinjio na mabwawa ya majitaka yaliyozidiwa hupeleka ziwani bakteria ambao tayari ni sugu. Wengi wana plasmidi, vipande vya DNA ambavyo bakteria mmoja humpa mwingine, hata wa jamii tofauti. Kwa hiyo hata bakteria wa ziwani asiyeugusa mwili wa mtu anaweza kuwa ghala la usugu.

Nikiogelea nitaugua?

Si lazima. Bakteria sugu uliyemmeza anaweza kukaa utumboni kimya kwa miezi, akajitokeza siku ya UTI (maambukizi ya njia ya mkojo). Usiingie na kidonda kibichi, wala karibu na mfereji baada ya mvua kubwa. Kusema kweli, pwani nyingi za ziwa hili kichocho ndicho cha kuogopa kwanza.

Tunataka kupima maji ya mwalo wetu. Tuanzie wapi?

Chukueni chupa tasa (isiyo na vijidudu) ya nusu lita, ifunguliwe chini ya maji, kama sentimita 30. Acheni nafasi kidogo ya hewa, wekeni kwenye barafu, ifike maabara siku hiyohiyo. Utaratibu wa WHO wa 2021 hulinganisha idadi ya E. koli, bakteria wa kinyesi, kwenye sahani mbili za agari ya TBX (rojo la kuoteshea bakteria): moja isiyo na dawa, nyingine yenye antibiotiki ya sefotaksimu, mikrogramu 4 kwa mililita. Ulizeni sahani zimetengenezwa lini. Sefotaksimu hupoteza nguvu ikikaa, na sahani iliyochakaa huotesha hata bakteria wasio sugu.