Maswali yenu kuhusu upimaji wa ardhi

Huwa naona mtu amesimama nyuma ya chombo chenye miguu mitatu, anachungulia na kuandika. Anaandika nini?

Pembe na umbali. Ukisimama juu ya alama ambayo mahali pake panajulikana, ukasoma pembe na umbali hadi alama nyingine, na hiyo ya pili umeshaijua ilipo. Ongeza tofauti ya mwinuko, unaweza kuchora ramani. Sehemu kubwa ya siku ya mpimaji huyo, hata hivyo, huishia kwenye kuhakiki. Ndiyo maana kazi huanzia kwenye kubwa kuelekea kwenye dogo: alama chache za msingi hupimwa kwanza kwa uangalifu mkubwa, kisha kona, njia na majengo hufungwa kwenye hizo. Anayeanza na dogo hubeba kosa la kila hatua hadi hatua inayofuata.

Shamba langu liko mteremkoni. Upande mmoja nimeupima kwa tepu nikapata mita 100, lakini ramani inasema 94. Nimepunjwa?

Inawezekana kabisa hujapunjwa. Ramani huonyesha umbali wa mlalo, yaani kana kwamba ardhi imelazwa tambarare, na wewe umeilaza tepu juu ya mteremko. Mita 100 kwenye mteremko wa nyuzi 20 ni karibu mita 94 za mlalo. Rudia hivi: mwenzako aliye juu ashike mwanzo wa tepu chini kabisa, wewe uliye upande wa bondeni uinue tepu mpaka ilale sawa, uivute isilegee, kisha uning'inize timazi (uzito wenye ncha unaoning'inia kwa uzi) kwenye alama ya tepu. Itayumba. Isubiri itulie, ikinge upepo kwa mwili wako, na pale ncha inapogusa pigilia kigingi. Endelea kwa hatua fupi fupi kama ngazi, ujumlishe.

Lakini kama mteremko wako ni mdogo, tuseme nyuzi 5, tofauti ya haki kwa mita 100 haifiki hata nusu mita. Hapo mita 6 zinahitaji maelezo, na una kila sababu ya kuyadai.

Aina za upimaji ni zipi? Kila kitabu kinanipa orodha yake.

Kwa sababu kila kitabu kinagawa kwa kigezo chake. Mgawanyo wa kwanza kuuelewa ni huu: je, unahesabu mviringo wa dunia au hauhesabu? Kwenye eneo dogo unaweza kuichukulia ardhi kama meza, na huo ni upimaji bapa. Ukipima nchi nzima huwezi. Kwa kilomita 1 uso wa dunia huinama karibu sentimita 8 tu, lakini kwa kilomita 10 huinama karibu mita 8, maana mwinamo hukua kwa mraba wa umbali. Huo ndio uwanja wa jiodesia.

Mgawanyo mwingine ni wa kusudi. Upimaji wa mipaka huonyesha cha nani kinaishia wapi. Wa topografia huchora vilima, mito na barabara. Wa migodi hushuka chini ya ardhi, wa hidrografia hupima vina vya maji. Ule wa uhandisi hufuata njia ya kinyume: mchoro upo tayari, na mpimaji anauhamishia ardhini, nguzo kwa nguzo.

Simu yangu ina GPS. Kwa nini nisiitumie kupata mipaka ya kiwanja?

Simu, hata ikiwa mahali pa wazi, hukosea kwa mita kadhaa. 5 ni kawaida. Kwenye kiwanja chenye upana wa mita 15, hiyo ni theluthi nzima. Mpimaji hutumia satelaiti zilezile, ila vipokezi vyake ni viwili, kimoja kikiwa kimesimama juu ya alama inayojulikana. Makosa yanayotokea angani huvifikia vyote karibu sawa, kwa hiyo ukilinganisha yanafutana, na kinachobaki ni sentimita 1 au 2. Chini ya miti mikubwa au kando ya kuta ndefu kipokezi hicho nacho hubabaika. Hapo mpimaji hurudi kwenye totali stesheni, chombo kinachosoma pembe na kurusha mwali hadi kwenye prisma, kioo kinachourudisha, ili kupata umbali.

Trekta imeng'oa bikoni, ile alama ya mpaka. Niirudishe palepale?

Usiirudishe. Mahali pake hupatikana kwa vipimo kutoka bikoni nyingine, si kwa kumbukumbu ya macho, na katika nchi nyingi kuhamisha alama ya mpaka ni kosa la jinai. Acha ilivyo, umwite mpimaji.

Mimi ni mwanafunzi. Nina tepu, kamba na vigingi tu. Nianzie wapi?

Una vya kutosha. Tengeneza kona ya mraba kwa pembetatu ya mita 3, 4 na 5. Ukimaliza mstatili, pima kona hadi kona kwa njia zote mbili. Vipimo visipolingana, mstatili umepinda. Kwa mwinuko, tumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ukihakikisha hauna povu la hewa: maji ya ncha mbili hukaa usawa mmoja.

Kisha fanya zoezi ninalolipenda kuliko yote. Pima tofauti za mwinuko kutoka kigingi cha kwanza hadi cha pili, cha tatu, na urudi cha kwanza. Jumlisha, ukitoa unaposhuka. Jibu linapaswa kuwa sifuri. Likizidi milimita chache, rudia mzunguko wote. Na kwenye daftari usifute namba iliyokosewa. Ipige mstari mmoja, andika iliyo sahihi juu yake, ili atakayelifungua baadaye azisome zote mbili.