Kabureta Mbili kwenye Chevrolet ya 1954: Anza na Joto

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza kama anunue manifoldi ya zamani (bomba lenye matawi linalopeleka hewa na petroli kwenye silinda) ya kabureta mbili, vile vifaa vinavyochanganya petroli na hewa, kwa ajili ya pikapu yake, Chevrolet 3100 ya mwaka 1954 yenye injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Ninayo gari kama hiyo hapa Minnesota, nayo huwaka asubuhi za baridi bila kubembelezwa, ingawa gereji moja iliwahi kunishauri niing'oe injini hiyo, niitupe na kuweka V8, yaani injini ya silinda nane. Ushauri ule ulinichoma, na bado unanichoma.

Nakiri kwamba kilichonivuta ni sura na mlio kuliko nguvu. Sioni aibu, kwani mwaka 1953 Chevrolet wenyewe waliifungia injini ya inchi za ujazo 235 kabureta tatu, ikaiendesha Corvette ya kwanza, gari lao la michezo, kwa nguvu farasi 150. Hata hivyo waliongeza pia mgandamizo ndani ya silinda na kubadilisha kamshafti, mhimili unaofungua vali, kwa hiyo anayeongeza kabureta peke yake asitarajie maajabu.

Ndugu yangu, kabla ya kutoa fedha jiulize joto litatoka wapi. Manifoldi ya kiwandani hukaa juu ya ile ya moshi na kupashwa nayo moto, ili petroli igeuke mvuke. Ukiiondoa na kuweka ya aluminiamu pamoja na mabomba ya moshi yaliyogawanywa, petroli hugeuka matone kwenye kuta baridi, injini hukwama unapokanyaga mafuta, na siku zenye unyevu barafu huweza kujengeka ndani ya kabureta. Mimi niliweka chini ya kila kabureta sahani yenye njia ya maji, nikaiunganisha kwa mipira na mfumo wa kupozea injini. Kazi hiyo haionekani kwenye picha, na ndiyo sababu wengi huiruka.

Jambo la pili ni usawa. Kichwa cha injini hii kina matundu matatu tu ya kuingizia mchanganyiko, kila moja likilisha silinda mbili. Tundu la katikati hupokea kutoka kabureta zote mbili, na yale ya pembeni hutegemea zaidi kabureta iliyo jirani. Kabureta moja ikifunguka kabla ya mwenzake, ncha moja ya injini hushiba na nyingine hubaki na njaa. Fungua fimbo inayoziunganisha, weka bomba jembamba la mpira sikioni, sikiliza uvutaji wa kila kabureta hadi milio ilingane, ndipo uifunge tena.

Kuhusu nati zenye kutu sina la kusema. Kila mwenye gari kuukuu anazijua. Ila pima unene wa kingo za manifoldi zote mbili, ya hewa na ya moshi, kwa sababu hubanwa na vibanio vilevile, na tofauti ndogo tu huacha hewa ipenye. Zangu nilizipeleka zikasawazishwa pamoja kwa mashine.

Mnapenda chuma kinachong'aa, vijana, lakini injini haina macho. Kabureta za aina ya Rochester B zisikazwe kwa hasira, maana vifuniko vyake hupinda. Kisha chomoa plagi uzisome: zenye masizi meusi zinaomba jeti (kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta) ndogo zaidi, na nyeupe kupita kiasi zinaomba kubwa. Usibadilishe jeti yoyote kabla sindano ya kipima mvuto, kipimo cha jinsi injini inavyovuta hewa, haijatulia, kwa kuwa hewa inayopenya kwenye gasketi huweza kuzifanya plagi ziwe nyeupe vilevile.